Sofa Tunazo, Meza ya Mtoto Iko Wapi?

Leo siremba maneno.

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, huku kwetu Ngamiani utasikia yale yale: watoto wa siku hizi wavivu, hawajui hata kuandika insha, simu zimewaharibu. Mimi nakataa. Kabla hujamwita mwanao mvivu, niambie anaandikia wapi.

Nyumba zetu mnazijua. Baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, na mara nyingi kila chumba na mpangaji wake. Jioni baraza ni la wanaume, na bao lao na kahawa yao. Ukumbini watu wanapita. Chumbani tamthilia inaunguruma. Mtoto wa kiume atakwenda zake kwa rafiki yake arudi saa nne usiku, hakuna wa kumuuliza. Wa kike anabaki uani, kati ya jiko na ndoo, daftari juu ya goti. Akiandika mistari mitatu anaitwa: we, hebu mchukue mdogo wako. Akirudi, alichotaka kusema kimeshampotea.

Mimi ni fundi cherehani. Huwezi kukata gauni juu ya mapaja. Kitambaa kinateleza, chaki inapinda, shingo inakuja upande. Fundi wa hivyo haambiwi mvivu, anaambiwa atafute meza. Insha nayo ni vivyo hivyo. Lazima mtu aitandaze aione yote, hapa apunguze, pale aongeze, kipande cha chini akipandishe juu. Kwenye goti, kwenye giza la uani, mtoto anaandika upesi amalize, basi. Halafu siku ya mtihani wa taifa wa Kiswahili anakalishwa kwenye dawati, saa tatu, kimya kitupu. Wengine ndiyo mara yao ya kwanza kukaa na kalamu muda wote huo bila kuitwa na mtu.

Wapo wanaonijibu kwa Shaaban Robert. Eti mtoto wa Vibambani, Tanga hii hii, kazaliwa 1909, hakuwa na makuu, mbona aliandika vitabu vyote vile? Jamani! Yule alikuwa karani wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944. Karani kazi yake ni meza, karatasi na wino. Tena alikuwa mwanamume, sidhani kama kuna aliyemkatiza ubeti akachochee moto.

Mtaniambia pia maktaba ipo. Ipo, ya mkoa, mjini ng'ambo ya reli, ile iliyojengwa wakati wa Mwingereza ikapewa jina la Mfalme George wa Sita. Meza zipo, utulivu upo. Lakini msichana atoke shule, ateke maji, asaidie kupika, hapo ni magharibi. Utamwachia avuke reli peke yake? Mimi wangu simwachii.

Sasa tugeukie sebule zetu. Idi ikikaribia, kina mama wanajipanga kwangu kwa mapazia na vitambaa vya sofa. Alhamdulillah, ndiyo riziki yangu, na sisemi muache kuja. Ila hesabu ninazijua: mapazia ya madirisha mawili, yenye marinda na vishada, yanakaribia bei ya meza ndogo ya mbao kwa seremala. Mgeni wa Idi anakaa nusu saa, anakula tambi anaondoka. Mtoto anaandika kila siku ya Mungu, na hilo sofa haruhusiwi kulikaribia na kalamu asije akalichora.

Na madrasa zetu? Baada ya Isha nyingi zinafungwa na taa kuzimwa, mikeka imekunjwa. Dini yetu aya zake za kwanza kushuka zinataja kusoma na zinataja kalamu. Kuna ubaya gani ustadhati mmoja na kina mama wawili kwa zamu wakakaa na wasichana saa moja na nusu, kila mtu na daftari lake, kisha wakawarudisha majumbani kwa pamoja? Viti na meza tutachanga. Mimi naanza na kimoja.

Nyumbani, bwana akisema chumba hakina nafasi ya meza, mwambie litoke kabati la kioo. Vile vikombe havijanywewa chai tangu harusi.