Shimo la choo lipimwe kabla ya kuchimbwa

Mvua ikinyesha Handeni, maji hushuka lamboni. Humo ng'ombe hunywa, humo mama hutumbukiza ndoo. Choo kilichochimbwa mlimani kikifurika, kinyesi nacho huteremka, na kipindupindu hakibishi hodi.

Kampeni ya Mtu ni Afya ilihimiza vyoo tangu 1973. Sheria ya Afya ya Jamii ipo tangu 2009. Lakini bwana afya mara nyingi huonekana ugonjwa ukishaingia, faini mkononi. Tunaona hilo ni kosa. Aje na futi kamba kabla shimo halijachimbwa, ahakikishe liko walau mita 30 kutoka kisimani au lamboni.

Halmashauri za Handeni na Korogwe, mpeni bwana afya pikipiki na mafuta kabla ya masika.