Karatasi ya Mpakani Si Kitu cha Kuogopwa

Ndugu wafanyakazi,

Sisi tulio katika kazi ya reli huku Emali, Makindu na Kibwezi twajua kwamba mshahara peke yake hautoshi chakula na karo. Nyumba nyingi zashikwa na biashara ndogo ya mke au ya ndugu: magunia matatu ya ndengu kutoka Kitui yanayopelekwa Tanzania, au mahindi yanayonunuliwa huko mvua inapotukosa. Kwa hiyo habari ya forodha ni habari ya chama chetu, ingawa wako wenzetu wanaocheka nisemapo hivyo.

Wazee wa reli wakumbuka jinsi Jumuiya ilivyovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Tanzania ukafungwa hadi mwisho wa 1983. Nadhani woga wetu ulianzia hapo. Jumuiya imekwisha rudi, na Umoja wa Forodha ulianza Januari 2005, lakini mtu wetu akifika Loitokitok bado aona heri apite porini usiku kuliko kusimama mbele ya karani mchana.

Sasa sikilizeni. Mazao yaliyolimwa katika nchi za Jumuiya, yakiwa yamo katika orodha iliyokubaliwa, na thamani ya mzigo isipozidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa pale pale mpakani. Cheti hicho ndicho kinachoondoa ushuru wa forodha, na hakiuzwi. Mwaka juzi mke wangu alimlipa mtu aliyejiita wakala ili “amtafutie” cheti. Faida yote ya safari ikaishia mfukoni mwa bwana huyo. Aibu ni yangu, maana mimi niliyesoma shule ya misheni sikujishughulisha kuuliza sheria inasemaje.

Tena liko jambo la jina. Katika safari nyingine aliandika “dengu”, nao mzigo ukalala siku mbili. Kumbe ng'ambo ya mpaka dengu ni nafaka nyingine kabisa, na hizi zetu za kijani huitwa choroko. Andikeni choroko.

Lakini cheti hicho hakiondoi ukaguzi wa mimea wala wa afya, na hapa ndipo penye manung'uniko. Machi 2021 Serikali ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya aflatoksini, yaani sumu ya kuvu. Baada ya siku chache iliyaruhusu tena kwa masharti: mwenye kuyaingiza aandikishwe, na mzigo uwe na hati ya kuonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Watu wengi walisema ni uonevu.

Mimi sikubali. Mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na wengi wao walikuwa wa Makueni na Kitui. Mahindi yale hayakuvuka mpaka wowote. Yalilimwa hapa hapa, yakawekwa ndani ya nyumba yangali na unyevu. Mtu wa Ukambani atasemaje kwamba kupima mahindi ni kusumbuliwa?

Kosa ninaloliona mimi ni jingine. Tajiri mwenye lori hupimiwa mzigo wake na gharama haimwumi, lakini mama mwenye magunia matatu hawezi gharama hiyo. Basi kina mama wetu waungane, kumi au kumi na wawili, wawe na mzigo mmoja na kipimo kimoja, wakichunga tu thamani isipite zile dola 2,000. Nacho chama chetu cha akiba na mikopo kinunue kipimo cha unyevu, kikae hapa Emali, kila mtu apime mahindi kabla ya kuyafunga guniani. Yakizidi asilimia 13.5 yarudishwe juani, juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu kama tulivyozoea. Bei ya kipimo hicho tukiigawa kwa wanachama haitamshinda mtu.

Nimekwisha mwomba katibu wa tawi alitie jambo hili katika mkutano ujao. Wako watakaosema kwamba chama ni cha mishahara tu. Na waje waseme hivyo mbele ya wake zao.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanyakazi wa Reli, Emali