Kanisa lisilosikia kilio haliwezi kumpa mtu amani

Mtu aliyechukua mkopo wa kausha damu ili alipe ada ya mtoto, ambaye mwenye nyumba anamdai kodi ya miezi sita na kazini hajui kama mkataba wake utaongezwa, akiingia kanisani Jumapili hupokea ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza ni kwamba Mungu ni mwema na hajamsahau. Huo ndio uliomwamsha asubuhi, akavaa na kutoka. Wa pili hausemwi kila mara kwa mdomo, ila kila aliyezoea ibada zetu anaujua: aliyeokoka haonekani na mawazo. Wanaoitwa mbele kushuhudia ni waliopata kazi, waliopona, waliojenga. Ambaye bado hajapata anaambiwa akemee, akiri ushindi, asiruhusu kinywa chake kutamka udhaifu. Hoja yangu ni kwamba ujumbe huu wa pili unamnyang'anya mtu amani ileile ambayo ule wa kwanza umemwahidi. Imani ya Kikristo ina uwezo wa kweli wa kutuliza moyo uliolemewa, nami nalisema hili kwa moyo wangu wote. Lakini njia yake huanzia kwenye kilio, na makanisa mengi siku hizi yameiziba njia hiyo.

Tuanze na Biblia, maana ndiyo mizani ambayo wahubiri wote wanaikubali. Wataalamu wa Agano la Kale wanakadiria kwamba karibu theluthi moja ya zaburi 150 ni za maombolezo, sauti za watu wanaomuuliza Mungu amekwenda wapi na atakawia hadi lini. Nyingi kati yake huanza kwa malalamiko na kuishia kwenye sifa. Ile ya 88 haina hata faraja hiyo. Inaishia gizani, na waliokikusanya kitabu hawakuona sababu ya kuiondoa. Eliya, baada ya ushindi wake mkubwa mlimani Karmeli, alikimbilia jangwani akaomba afe. Hakukaripiwa. Alilala, akaletewa mkate na maji, akalala tena, akala tena, na mazungumzo yakafuata baadaye sana. Paulo aliyewaandikia Wafilipi kutoka kifungoni kuhusu amani ya Mungu inayoilinda mioyo ni Paulo huyohuyo aliyewaeleza Wakorintho kwamba huko Asia alilemewa hadi akakata tamaa ya kuishi. Na Yesu pale Gethsemane aliwaambia wanafunzi watatu waziwazi jinsi huzuni ilivyomjaa, akawaomba wakeshe naye. Ikiwa Mwana wa Mungu alitaka watu wa kukaa naye katika saa ya hofu, sioni ni kwa mamlaka gani mshirika wa kawaida anatakiwa kuificha hofu yake.

Mfano ulio wazi zaidi wa jinsi jambo hili linavyofanya kazi ni wa usiku wa tarehe 27 Januari 1956, katika mji wa Montgomery nchini Marekani. Martin Luther King alikuwa mchungaji kijana wa miaka 27, mwenye binti ambaye hajatimiza miezi mitatu. Alikuwa akiongoza mgomo wa watu weusi dhidi ya mabasi yaliyowabagua, na vitisho vilikuwa vikimiminika kwa simu. Usiku huo simu nyingine ililia, ikamwahidi kifo. Usingizi ukamkataa. Kama alivyosimulia mwenyewe katika kitabu alichochapisha mwaka 1958, alikwenda jikoni, akachemsha kahawa, akaanza kuwaza namna ya kujitoa kwenye uongozi bila kuonekana mwoga. Kisha akainama mezani akaomba kwa sauti. Katika maombi hayo hakukiri ushindi wowote. Alimwambia Mungu kwamba anaogopa, kwamba nguvu zimemwishia, na kwamba watu wakimwona hivyo nao watavunjika moyo. Anasema ndipo alipohisi uwepo wa Mungu kwa namna ambayo hakuwahi kuijua, na hofu ikaanza kumtoka. Siku tatu baadaye nyumba yake ilirushiwa bomu, mke na mtoto wakiwa ndani, nao hawakuumia. Yeye akasimama mbele ya umati uliokuja na hasira, wengine wakiwa na silaha, akawaomba warudi makwao kwa amani. Maombi yale hayakumwondolea tishio hata moja, lakini yalimpa moyo wa kusimama nalo, na mgomo ukaendelea hadi Desemba mwaka huo, sheria ya ubaguzi ndani ya mabasi ilipoanguka.

Yupo atakayesema kisa cha mtu mmoja mashuhuri hakithibitishi kitu. Basi tutazame utafiti. Mwaka 2016 Tyler VanderWeele wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wauguzi wanawake karibu 90,000 wa Marekani, kati ya mwaka 1996 na 2010. Waliohudhuria ibada mara moja kwa wiki au zaidi walikuwa na kiwango cha kujiua cha chini takriban mara tano kuliko wasiohudhuria kabisa. Utafiti wa namna hii hauwezi kuthibitisha kwamba ibada peke yake ndiyo iliyowalinda, lakini tofauti kubwa kiasi hicho si ya kupuuzwa. Upo pia upande wa pili, ambao wahubiri hawapendi kuutaja. Mwaka 2001 Kenneth Pargament na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa wazee karibu 600 kwa takriban miaka miwili. Walioamini kwamba Mungu amewaacha, au kwamba ugonjwa wao ni kazi ya shetani, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko wenzao. Kwa hiyo imani inaweza kuponya na inaweza kuumiza, ikitegemea mtu amefundishwa kumwona Mungu wa namna gani wakati wa shida. Anayemwambia mgonjwa au mfiwa kwamba tatizo lake ni upungufu wa imani anaweza kumpandia wazo kama lile la wazee wale, kwamba Mungu amemwacha.

Najua wachungaji wengi wana hofu ya kweli hapa. Wanaona kwamba kilio kikipewa nafasi madhabahuni kitaenea, waumini watazoea kulalamika na tumaini litakufa. Hofu hiyo naiheshimu, lakini yaliyotokea Zimbabwe yanaipinga. Tangu mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha akina bibi wa Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye msongo wa mawazo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita dalili za sonona zilibaki kwa takriban asilimia 14 ya waliohudumiwa na bibi hao, na kwa takriban asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Waliosikilizwa walipata nafuu. Huzuni haikuongezeka kwa kutamkwa. Na mwombolezaji wa zaburi ana zaidi ya hapo, kwa sababu analalamika kwa Mungu anayeamini kwamba yupo na anasikia. Aliyekata tamaa kabisa hanung'uniki kwa mtu yeyote. Pamoja na hayo, sonona ni ugonjwa, na kumpeleka anayeugua hospitali si kumvunjia Mungu heshima. Mapokeo ya Kanisa yanamtaja Luka, mwandishi wa Injili, kuwa tabibu.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la wanaoona dini kuwa kasumba ya kuwanyamazisha maskini. Sitawaambia kwamba wamekosea kabisa. Februari 2020 watu 20 walikufa mjini Moshi kwa kukanyagana wakiwania kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ya watu walioamini kwamba kufunga hadi kufa kungewafikisha kwa Yesu. Amani inayoahidiwa kwa chupa, au kwa kumtii mtu mmoja bila kuuliza, ni hatari, na Wakristo tunapaswa kuwa wa kwanza kulisema hilo. Ila maombolezo ni kinyume cha kasumba. Anayemlilia Mungu kuhusu deni lake analitaja deni lenyewe, riba yake na aliyeitoza, na wenzake wakisikia wanaweza kuuliza maswali. Mungu anayeruhusu kuulizwa hawezi kuwa na mtumishi asiyeulizwa.

Vyombo vya kazi hii tunavyo tayari. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, waliufanya ujenzi wa jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele chao, na Walutheri nao wana jumuiya zao za mitaa. Mkusanyiko wa kaya chache za jirani ni mahali pafaapo kuliko uwanja wenye spika kubwa kwa mtu kusema kwamba amechoka. Tatizo ni kwamba saa ya jumuiya mara nyingi huliwa na michango na matangazo. Zitengwe dakika ishirini za kusikiliza, bila mtu kukatizwa kwa ushauri. Wazee wa kanisa na akina mama wafundishwe kutambua dalili za sonona na kujua zahanati ya kumpeleka mtu. Katika kipindi cha ushuhuda apewe nafasi pia anayeomba kwa mwaka wa tatu bila jibu na bado anakuja. Na dayosisi zimwekee kila mchungaji mtu wa kumsikiliza yeye, kwa sababu anayebeba misiba, ndoa zinazovunjika na madeni ya watu mia tatu mara nyingi hana hata mmoja wa kumwambia kwamba usiku halali.