Kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Temeke: tunaomba mashine ya kukereza

Ndugu Mkurugenzi,

Nyumba ya tatu kutoka kwetu, huku Mbagala, kuna kijana anayeunda mashine za kukuna nazi. Mota anazing'oa kwenye mashine za kufulia zilizokufa, fremu anachomelea mwenyewe, meno anayachonga kwa tupa, moja moja. Mama lishe wa mtaa wameshaziweka kando mbuzi zao. Kinachomkwamisha ni shafti. Ikipinda kidogo tu, mashine nzima inatetemeka na beringi hazimalizi mwezi. Kuikerezesha inambidi apande daladala hadi kwenye karakana za Gerezani, akapange foleni nyuma ya wenye kazi kubwa. Kipimo kikikataa, kesho safari inaanza upya.

Nakuandikia kwa sababu ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Iliposimamishwa mwaka 2023 tulisononeka. Iliporudi mwaka uliofuata tulishukuru kwa dhati, maana tunawajua kina mama ambao bila mkopo huo wangebaki mikononi mwa wakopeshaji wa kausha damu.

Lakini mkopo huo unamfaa zaidi mwenye biashara ambayo faida yake inajulikana. Anayenunua bodaboda anashika hela siku hiyo hiyo. Anayebuni ataharibu vyuma vitatu kabla ya cha nne kukubali, na marejesho hayamsubiri. Tena vijana wanakopeshwa kwa kikundi. Nani atakubali kudaiwa kwa sababu ya shafti ya mwenzake?

SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu kama huyu, na pale Vingunguti ipo. Kaeni nao mezani. Tunaomba karakana moja ya pamoja upande huu wetu, au Keko walikojaa maseremala: mashine ya kukereza, ya kutoboa, na fundi mzoefu wa kuelekeza. Mtu alipie kwa saa, aharibu, ajaribu tena, bila kufungwa na deni. Na kwa mbunifu anayekopa, marejesho yaanze baada ya kuuza mashine ya kwanza.

Ukipata nafasi, njoo asubuhi, wakati nazi zinakunwa. Mashine yake ya sita iko barazani, imefunikwa gunia. Inasubiri shafti.

Mkazi wa Mbagala