Mirambo hakuomba msaada

Nikipita Gongoni, hapa Tabora, humkumbuka Mtemi Mirambo. Mwaka 1871 aliifunga njia ya misafara kati ya Unyanyembe na Ujiji. Aliyetaka kupitisha pembe za ndovu sharti aelewane naye kwanza. Simsifu kwa vita vyake, viliteketeza vijiji. Lakini alijua thamani ya njia. Sisi, Marekani ilipokata misaada mwaka 2025, tulihaha. Na bado twaandika maandiko ya miradi kwa wafadhili, ilhali tumbaku ya mkulima wetu husafirishwa hadi Morogoro kusindikwa, na wanunuzi wake ni kampuni chache. Laiti nusu ya bidii hiyo ya kuomba ingetumika kudai kiwanda kijengwe hapa, reli ikiwapo tangu 1912.