Bolti ya Mashine ya Majani Haitaki Ubabe

Huku Texas joto limeshika, nyasi zinaota kama zimelipwa, na ukiziachia zikarefuka halmashauri inaweza kukutoza faini. Kwa hiyo nyumba nyingi zina mashine ya kukatia majani, na siku ya kubadilisha kisu watu wanakuta bolti imeganda kwa kutu. Hapo ndipo akina kaka wanapoanza ubabe: nyundo, mateke, spana isiyokaa vizuri mpaka kichwa cha bolti kinakuwa duara.

Mtasema nesi anajua nini kuhusu spana. Nesi anajua vidole, jamani! Kwenye mashine nyingi za kusukuma, kisu kimefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya injini. Ukikizungusha kwa mkono unazungusha injini, sumaku inapita kwenye koili, plagi inaweza kutoa cheche. Kukiwa na petroli kwenye silinda, injini inaweza kupiga mara moja, na hiyo moja inatosha. Najua mtaniambia kuhusu ule mpini wa usalama. Kweli, mashine za kusukuma zilizotengenezwa kwa soko la Marekani tangu katikati ya 1982, kisu lazima kisimame ndani ya sekunde 3 ukiuachia. Lakini waya wa mpini unachakaa, na hizo kuukuu mnazoniagiza kwenye kontena zimechakaa zaidi. Chomoa waya wa plagi kwanza, usogeze mbali. Kama ni ya betri, toa betri. Hapo sibishani na mtu.

Baada ya hapo ni subira. Laza mashine filta ya hewa ikiwa juu, oili isije ikaingia huko. Puliza mafuta ya kulegeza kutu, uache usiku kucha. Kesho yake vaa glavu nene, zuia kisu kwa kipande cha mbao, tumia boksi spana inayokaa barabara, chomeka bomba kwenye mpini wake upate nguvu. Nyingi hufunguka kinyume cha saa, ila soma kitabu chake, maana zipo za kushoto. Kuchoma kwa moto sikubali kabisa, tangi la petroli liko pale pale!

Ikitoka, sugua meno kwa brashi ya waya. Kichwa kikiwa kimeliwa, nunua nyingine. Na majani mabichi yanayogandamana chini ya mashine yakwanguliwe kila mara, hayo ndiyo yanayotunza unyevu na kuleta kutu.

Haya, zamu ya usiku inaniita. Mjomba, mashine yako inakuja, ila bolti nitaifungua mwenyewe kwanza. Msalimieni bibi.