Vifaru 996 Hawakujiondokea

Kiboko, Kaunti ya Makueni, kando ya barabara ya Mombasa, kuna hoteli ya zamani inayoitwa Hunter's Lodge. Wengi tunaopita na basi hudhani ni jina la kitalii tu, kama Simba au Safari. La. Hunter ni jina la mtu. John Alexander Hunter, Mskoti, mwindaji aliyelipwa na serikali ya kikoloni, ndiye aliyeijenga uzeeni mwake. Alifariki 1963, mwaka ule ule bendera ya Uingereza iliposhushwa. Kati ya Agosti 1944 na Oktoba 1946, katika nchi hii ya Makueni, alihesabiwa kuua vifaru 996. Leo Kenya nzima ina vifaru weusi wapatao 1,000. Soma tena hizo namba mbili, polepole.

Sisemi hoteli ifungwe. Sisemi hata ibadilishwe jina. Nasema hivi: mtu akikuuzia usiku mmoja ndani ya historia, mdai historia nzima.

Lugha ya biashara hii naijua, maana huwa naandika maelezo ya hoteli kwa malipo ya kila neno. Mapishi ni yaleyale: "haiba ya kale", "enzi za safari", viti vya ngozi, kandili, picha ya mzungu na bunduki yake. Mteja mmoja, ambaye hoteli yake haiko Ukambani, aliwahi kufuta aya nzima niliyoandika kuhusu watu waliobeba mawe ya ukuta anaousifia. Jina la aliyekuwa akinywa chai barazani akaliacha. Eti wageni hawataki mambo mazito. Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza: historia imekuwa samani. Inapanguswa vumbi, inapigwa picha, haiulizwi kitu.

Basi tuulize. Kwa nini vifaru wote hao wauawe? Katika kitabu chake, Hunter, kilichotoka 1952, mwindaji mwenyewe anajiuliza kama ilifaa kumaliza wanyama wa ajabu namna ile ili watu wanaozidi kuongezeka wapate ekari chache. Swali zuri, lakini limeanzia katikati. Wakamba hawakubanana Machakos kwa sababu wanapenda kubanana. Milima ya Mua ilikuwa imekwenda kwa walowezi. Nyanda za Yatta serikali ilizifanya mali yake na kuwabana wafugaji. Mifugo ikarundikana, udongo ukamomonyoka, halafu lawama wakatupiwa wenye ng'ombe. Mwaka 1938 serikali ikaanza kuwachukulia mifugo kwa nguvu, ikaishia kwenye kiwanda cha nyama cha Athi River kwa bei ya kutupa. Maelfu wakaandamana hadi Nairobi, Muindi Mbingu akiwa mbele. Yeye akakamatwa, akapelekwa kizuizini Lamu.

Ardhi iliyochukuliwa haikurudishwa. Badala yake serikali ikaamua kuwahamishia watu Makueni, penye vichaka vya miiba, mbung'o na vifaru. Kwanza zikaja bunduki, halafu mapanga ya kufyeka, halafu familia. Kwa hiyo kifaru na Mkamba wako upande mmoja wa hesabu hii. Wote wawili walilipia shamba la mlowezi. Hadithi ya mwindaji shujaa ndiyo inayotufanya tudhani walikuwa maadui.

Najua utasema nini: "Bana, nimetoka Nairobi wikendi moja tu, nataka kukaa chini ya mgunga nisikie ndege." Kaa. Migunga ya Kiboko, ile yenye magome ya manjano, inastahili kukaliwa chini yake. Lakini ukweli hauharibu usingizi wa mtu mzima. Endelea mbele kidogo kuelekea Mombasa, ufike Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926. Msafiri yeyote, wa dini yoyote, hula hapo bila kulipa, na hupata pa kulala. Hakuna anayeona dengu zimechacha kwa sababu ameambiwa kwamba mahali pale palianzia kwa wafanyakazi wa reli.

Au nenda Kitui. Ukifika mwamba wa Nzambani utaambiwa kwamba ukiuzunguka mara saba, unabadilika jinsia. Ngano tunazitoa bure, tena kwa furaha. Historia ndiyo tunayoifungia kabatini.

Ninachodai si kikubwa. Hoteli yoyote Kitui au Makueni inayouza ukale iandike mambo matatu pale mgeni anaposaini kitabu: ardhi hii ilikuwa ya nani, kazi ilifanywa na nani, na nini kilipotea. Serikali za kaunti, zinazoimba utalii, ziwalipe vijana wa huko wakusanye masimulizi ya wazee waliohamishiwa Makueni. Na zifanye haraka. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1946 leo yuko karibu na miaka 90. Kila msiba unaotangazwa kule unaweza kuwa maktaba inayozikwa, na sisi tuko bize kuchagua rangi ya mito ya kitanda.

Na wewe mgeni, pesa ni zako, tumia mdomo wako pia. Uliza mapokezini vifaru walikwenda wapi. Huenda anayekupa ufunguo ni mjukuu wa mtu aliyeshushwa hapa na mzigo wake, akaambiwa afyeke. Anaweza kuwa anajua mengi kuliko yaliyoandikwa ukutani. Ila mshahara wake ni wa kubeba mabegi, na hakuna aliyewahi kumlipa asimulie.